Piriton, Phenergan au setirizini, nichukue ipi ya kuwashwa usiku?

MwanaKigamboni
Wakuu habari za jioni. Niko duka la dawa hapa, muuzaji kaniwekea tatu mezani, Piriton, Phenergan na setirizini, anasema zote za aleji nichague mwenyewe. Shida ni kuwashwa, mchana afadhali ila usiku hakulaliki kabisa. Ipi inakata muwasho bila kumchosha mtu? Wanafunga saa tatu.

Ngosha_Halisi
Piriton, usipoteze muda. Sisi wa enzi za klorokwini, kabla haijaondolewa kwenye malaria 2001, ulikuwa ukichomwa sindano unawashwa mpaka unajisugua ukutani, na nesi anakupa Piriton hapo hapo. Imetutoa mbali hiyo dawa.

Shangazi wa Tanga
Anayewashwa nani? Wewe, mtoto, mzee? Ana umri gani, kuna dawa nyingine anatumia, ana mimba? Mwanangu huwezi kuuliza dawa kama unauliza bei ya nyanya.

Mfamasia_Mtaani
Wakati tunamsubiri ajibu, niseme tofauti. Piriton na Phenergan ni za kizazi cha kwanza, zinapenya mpaka kwenye ubongo ndo maana zinalaza. Setirizini ni ya kizazi cha pili, 10 mg mara moja kwa siku, kwenye ubongo inafika kidogo, ingawa wapo watu inawasinzisha pia. Kama ni muwasho wa mzio kweli, ile mwili unavimba mabaka mabaka, mimi nachagua setirizini. Zile mbili haziishindi kwenye kukata muwasho, zinachoongeza ni usingizi, na Phenergan ya 25 mg ukimeza usiku unaweza kuamka nayo kichwani mpaka saa nne asubuhi. Mtoto chini ya miaka 2 asipewe Phenergan kabisa, inaweza kumbana pumzi.

Dereva_Tunduma
Hapo kwenye usingizi nakazia. Nilimeza Piriton moja tu Morogoro kwa ajili ya mafua, kuingia mbuga ya Mikumi macho mazito, nikaona twiga amesimama barabarani, kupunguza mwendo naangalia tena hakuna twiga. Nilivyotoka mbugani nikapaki nikalala masaa matatu, tajiri anapiga simu sipokei. Anayeendesha chombo asiguse hizi.

BintiUnguja
Mi Phenergan siisemi vibaya, miezi ya kusi boti likianza kupanda na kushuka bila hiyo sifiki bandari ya Malindi Unguja mzima. Nameza saa moja kabla ya kupanda. Kila dawa na kazi yake jamani.

Mangi_Mdogo
Ngosha ngoja nikwambie kilichomkuta mzee wangu. Mwaka juzi Julai, ile baridi ya Moshi, baba ana miaka 71 kapata mafua, kanunuliwa Piriton, moja asubuhi moja mchana moja usiku, dukani hakuna aliyeuliza chochote. Mafua yakakauka kweli. Siku ya tatu alfajiri namsikia anaenda chooni anarudi, anaenda anarudi, taa ya korido inawashwa inazimwa, mara ya sita nikatoka nikamkuta ameegemea mlango jasho linamtiririka, chini ya kitovu pamejaa pamekuwa pagumu kama nazi na mkojo hautoki hata tone. Kumbe ana tezi dume siku nyingi, aliona aibu kutuambia. Tulivyofika hospitali wakamwekea mpira wa kutoa mkojo, mkojo ukatoka zaidi ya lita moja, baba analia huku anamshukuru nesi, sijawahi kumuona baba analia. Swali la kwanza la daktari lilikuwa mzee amemeza dawa gani ya mafua. Akatueleza, hizi dawa zinakausha pua na mdomo, na kibofu nacho kinakosa nguvu ya kusukuma. Mpira alikaa nao wiki mbili. Na ilikuwa Piriton hiyo hiyo ya kila duka.

Ngosha_Halisi
Pole sana kaka, hilo la mkojo silijui. Ila mimi nimeitumia miaka 30.

MwanaKigamboni
Samahanini nilikuwa kwenye daladala. Anayewashwa ni mama mkwe, ana miaka 68, kaja kutoka Songea wiki tatu zilizopita. Ana presha ya macho anaweka matone, hilo nilisahau. Halafu na binti yangu anayelala naye tangu juzi anajikuna katikati ya vidole.

Shangazi wa Tanga
Ehee! Sasa ndo umesema. Usiku, vidole, wanaolala kitanda kimoja. Huo ni upele huo, siyo aleji. Ukimpa ya kulaza atalala, wadudu wataendelea kula. Wapeleke zahanati waangaliwe ngozi, wakithibitisha mtapewa BBE, ile dawa ya upele ya kupaka, mnapaka nyumba nzima siku moja, hata asiyewashwa, na mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto.

Mfamasia_Mtaani
Shangazi kasema kweli. Na presha ya macho, hasa ile ya pembe finyu, yaani njia ya maji ndani ya jicho ni nyembamba, haipatani na Piriton wala Phenergan. Halafu umri huo zinaweza kumchanganya akili, akaamka usiku akaanguka. Tafadhali usimpe.

Ngosha_Halisi
Mnaharakisha, Dar vumbi na mende wanaleta aleji vile vile. Mngemwambia abadilishe sabuni kwanza.

Shangazi wa Tanga
Sabuni inachagua usiku?

Neema_K
Samahani naingilia. Hivi siproheptadini si ni ukoo huo huo? Naona wadada wanaimeza wanenepe.

Mfamasia_Mtaani
Ndiyo, ni ya aleji, hamu ya kula ni tabia yake ya pembeni, na inalaza vile vile. Hatari zaidi ni wanaoichanganya na deksamethazoni, ile dawa ya steroidi. Uso unajaa, sukari inapanda, na ukiwa umeizoea hiyo deksamethazoni ukaacha ghafla mwili unaweza kuishiwa nguvu mpaka ukazimia.

MwanaKigamboni
Nilishanunua setirizini kabla sijasoma yote. Nimemmulika mama mikono kwa tochi ya simu, kwenye viganja kuna vistari vidogo vidogo kama uzi. Kesho zahanati wote wawili. Ila mama anagoma, anasema kwao hakuna upele, ni maji ya huku.

Neema_K
Mimi nameza moja tu usiku, bila deksamethazoni, mwezi wa pili sasa. Nayo niache?