Injini ya skuta ya marehemu baba: ya Italia au ya India, na ni cc ngapi?

Mwana_Tukuyu
Habari za jioni wakuu. Nipo Mbeya mjini, nyumbani Tukuyu. Marehemu baba alikuwa mwalimu, na skuta yake ndiyo ilikuwa miguu yake. Alipotangulia, injini ilishushwa, ikafungwa kwenye gunia la kahawa na kuwekwa stoo. Bodi ilibaki chini ya migomba, kutu imeshaitoboa sehemu za chini.

Wiki iliyopita nimeileta injini mjini. Fundi wa mtaa wa Mwanjelwa kaniambia ni Lambretta 200, ile skuta nyingine ya Italia. Wa Soweto ya hapahapa Mbeya kasema hiyo ni injini ya bajaji. Wa tatu kasema Vespa 150. Sitaki kununua pistoni kwa kubahatisha.

Nilichokiona mwenyewe: haina mnyororo kwa nje, na gurudumu linafungwa moja kwa moja kwenye mhimili unaotoka kwenye kasha. Gia zilikuwa mkononi, kushoto. Mama kashaniuliza mara mbili kama itaunguruma tena. Naombeni msaada.

Fundi_Iyunga
Pole na msiba, mkuu, hata kama ni wa zamani.

Gia za mkononi zisikusumbue, Lambretta nayo inazo. Tofauti iko ndani. Lambretta nyingi zina mnyororo ndani ya kasha, unaotoa nguvu kwenye krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kupeleka kwenye gia, na injini yake inakaa katikati ya fremu ya bomba. Vespa haina mnyororo kabisa, ni gia kwa gia, na injini imeegemea kulia. Fungua kifuniko cha klachi uhakikishe.

Huyo wa Soweto usimdharau. Bajaji za zamani za tu-stroki zilikuwa na injini ya 145.45cc ya ukoo huohuo wa Vespa. Ila ya bajaji ina gia ya rivasi, ya kurudi nyuma, na inazungusha magurudumu mawili. Yako inazungusha moja.

Sasa tafuta namba. Iko kwenye mkono wa kasha, karibu na pale shokapu ya nyuma inapofungwa. Loweka kwa mafuta ya taa usiku kucha, kisha sugua na mswaki. Grainda usiisogeze hapo, namba ikifutika ndiyo basi.

Dada_Makambako
Ukishaipata namba, soma herufi kwanza. Piaggio wa Pontedera, Italia, walianza Vespa mwaka 1946, na wana mpangilio wao: herufi na tarakimu, mwisho M au T. M ni motore, yaani injini. T ni telaio, yaani bodi. VBB1M ni 150 ya miaka ya 1960. VLX1M ni PX 150, Vespa ya baadaye. VSE1M ni ya 200.

Bajaj wa India walitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio hadi 1971, baadaye wakaendelea na skuta yao ya Chetak. Kwa hiyo umbo peke yake halitoshi kukuambia imetoka wapi. Fukua na namba ya bodi huko kwenye migomba, ulinganishe.

Mzee_wa_Leth
Mwanangu, fungua hedi upime. Nenda na kipimio cha venia, pima upana wa silinda juu kabisa, pale ringi hazifiki, kisha pima tena katikati. Halafu pima safari ya pistoni, kutoka juu kabisa hadi chini kabisa.

Safari ikiwa milimita 58, hiyo ni Lambretta. Ikiwa 57, ni Vespa kubwa: upana wa 57 unakupa 145.45cc, 57.8 ni PX 150, na 66.5 ndiyo 200. Kwa 200, hata macho yataona tofauti.

Mtego uko hapa. Silinda ikichakaa huchongwa ipanuke, na pistoni za ovasaizi, yaani za kujaza upana huo mpya, huongezeka kwa milimita 0.2. Silinda ya 57 ikichongwa mara nne inafika 57.8, unadhani una PX. Pistoni ya PX ina madirisha ubavuni kwa ajili ya njia ya tatu ya mchanganyiko wa hewa na petroli; silinda ya zamani ya 57 ina njia mbili tu. Beba pistoni yako ya zamani dukani, zilinganishwe kichwa, pini na kimo. Usinunue kwa namba tu.

Mwana_Tukuyu
Wakuu, nimerudi. Usiku mzima kwenye mafuta ya taa, asubuhi grisi ikavuka kama ganda. Ikaanza V, halafu B mbili. VBB1M! Nilikaa chini kwanza.

Ndani hakuna mnyororo. Safari 57. Upana juu 57.4, katikati 57.5 na kidogo.

Mzee_wa_Leth
Basi ilishachongwa mara mbili, mzee wako aliitunza. Ukichonga sasa unaenda 57.6. Ila silinda isichongwe kabla pistoni haijawa mkononi. Fundi wa leth (mashine ya kuchongea) anachonga kufuata pistoni uliyonunua.

Fundi_Iyunga
Kabla hujapiga kiki hata mara moja: tundu la kabureta lilikuwa limefunikwa kwenye hilo gunia? Injini hii inavuta mchanganyiko kupitia kwenye krenki. Ubavu wa krenki unapita karibu sana na uso wa kasha, ndio unaofungua na kufunga njia. Mchanga mdogo ukiingia hapo unachora uso ule, na ukishachorwa injini inapoteza mvuto. Fungua, osha kwa petroli, angalia kwa tochi.

Na ikishafungwa, oili ya tu-stroki ni asilimia 2: mililita 100 kwa lita 5 za petroli.

Mwana_Tukuyu
Tundu lilikuwa wazi, mkuu. Nimemulika: kuna vumbi la maganda ya kahawa, lakini uso wa kasha unang'aa, kuna mchoro mmoja tu mwembamba ambao ukucha haunasi. Sijaizungusha tena.

Mdogo wangu yuko Tukuyu, amesugua bodi chini ya kifuniko cha ubavuni na kunitumia picha sasa hivi. VBB1T. Nimempigia mama. Kasema bodi iingizwe ndani leo leo, kabla mvua haijanyesha.