Tumelipa 285,000 mtoto akajifunze msituni, amerudi na raba safi!

Wakuu, habari za jioni. Sikuwa na mpango wa kufungua uzi, lakini kundi letu la wazazi la WhatsApp limefungwa tangu juzi, wanaoandika ni ma-admin peke yao, na ma-admin ndio walimu haohao. Kwa hiyo hasira zangu nazimwaga hapa. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite.

Mwanangu wa pili yuko darasa la sita kwenye shule ya binafsi hapa Dar. Jina siliweki, mtoto bado anasoma pale. Mwezi wa pili aliletewa karatasi ya rangi, juu tembo, chini maporomoko: Kambi ya Mazingira, siku nne, Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Wataingia msituni na mwongozaji, watapanda hadi maporomoko ya Sanje, watajifunza kima, ndege na vyanzo vya maji, watapanda miti. Shilingi 285,000 kwa mtoto, kwa awamu tatu. Nina mgahawa mdogo Tabata, mnajua wenyewe hiyo ni sahani ngapi za wali maharage.

Nililipa bila kunung'unika, na sababu ni hii: mimi nimezaliwa Kidatu, chini ya milima hiyohiyo. Marehemu baba alikuwa kwenye miwa. Enzi zile wanakijiji walikuwa na siku yao ya kuruhusiwa kuingia msituni kuokota kuni, na mama alikuwa ananichukua, ngata kichwani. Huku nje kwenye miwa jua linakuchoma utosi, ukipita miti ya kwanza tu, baridi inakushika mikono. Mama ananyanyua kidole, tunasimama, juu wanapita mbega wekundu, matawi yanapiga kelele kama mvua inakuja. Nilitaka binti yangu aione hiyo. Yeye mti anaoujua ni mwembe wa jirani.

Kwa hiyo nikamnunulia raba mpya Karume, soli nene yenye meno, tochi na betri zake, daftari la mistari.

Jumamosi usiku nimefungua begi lake. Raba zimerudi na meno meupe. Sisemi zimefutwa, nasema hazijakanyaga kitu. Betri za tochi bado ziko ndani ya nailoni yake. Daftari lina ukurasa mmoja tu umeandikwa, na kichwa cha habari ni "Dubu Weupe".

Nikamuuliza, "Mama, dubu wa wapi tena?" Akaniambia walikaa ukumbini asubuhi mpaka mchana, siku mbili mfululizo, wakaangalia video kwenye projekta. Barafu inayeyuka, dubu amekosa pa kusimama. Nikamuuliza msitu je? "Mwalimu alituonyesha dirishani, akasema msitu ni ule pale."

Msitu ni ule pale! Umempeleka mtoto zaidi ya kilomita 300 akauone dirishani!

Ndugu zangu, sina ugomvi na dubu. Lakini ile hifadhi ya Udzungwa imeanzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara ya gari la kutembeza wageni. Ni ya miguu. Ukienda Udzungwa hukutembea, hujaenda Udzungwa. Sanje maji yanadondoka mita 170 hivi, ukiwa juu unaliona bonde zima la Kilombero na mashamba ya miwa yamelala kama mkeka. Kama walimu waliogopa watoto watachoka, kutoka makao makuu ya hifadhi pale Mang'ula kuna njia fupi ya kwenda maporomoko ya Prince Bernhard, haimalizi saa moja. Bibi yangu angeweza.

Na vya kufundisha viko pale pale. Kuna kima wa Sanje, haonekani popote duniani isipokuwa milima hiyo. Wanasayansi wamemjua mwaka 1979, wazee wetu walikuwa wanamjua siku zote na jina lake wanalo. Kuna mbega wekundu niliowasema. Na vyura wa Kihansi, wale ambao watu wazima wa nchi hii wanawageuza utani tu, wako upande wa kusini wa milima hiyohiyo! Hivi kuna somo la mazingira linalomshinda yule chura? Hafikii sentimita tatu, hatagi mayai, anazaa watoto wamekamilika, na alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi peke yake. Mwaka 2000 maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, ikabidi wawekewe mabomba ya kunyunyizia, wengine wakapandishwa ndege wakatunzwe Marekani. Mwaka 2009 ikatangazwa hawapo tena porini, 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Mtoto wa darasa la sita mwambie hiyo, halafu muulize: umeme au chura? Watabishana mpaka chakula cha usiku. Badala yake tumeletewa dubu.

Tuje kwenye upandaji miti. Kundini zilitumwa picha kumi na kitu, kila kikundi cha watoto na mche wao, fulana za kijani, vidole gumba juu. Nikazikuza kwenye simu. Mche ni huohuo mmoja! Jani la tatu limechanika vilevile kwenye picha zote. Na kilichonitoa machozi, mche uko ndani ya shimo NA KIRIBA CHAKE. Nailoni nyeusi inaonekana kabisa juu ya udongo. Mtu yeyote aliyepita kwenye kitalu hata kwa kusindikiza anajua unachana kiriba kwanza, vinginevyo mizizi inajizungushia humo mpaka mti unakufa. Watoto 62 wamefundishwa kupanda plastiki. Kwenye nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2019.

Malazi sitayasemea sana maana nitavunja simu. Magodoro mawili watoto watatu. Vyandarua havikuwepo. Bonde la Kilombero bila chandarua! Mtu anayelijua bonde lile kwa mbu hahitaji maelezo. Jumapili asubuhi nimempeleka kupima, namshukuru Mungu hana kitu, lakini mgongo wake mpaka leo una vipele.

Sasa utetezi wao. Kikao cha Jumanne mwalimu aliyeongoza safari alisema ratiba ya msituni ilivurugwa na mvua. Mwezi wa sita. Mdogo wangu anaishi Mang'ula, nikampigia palepale nje ya darasa, akacheka: jua wiki nzima, yeye alikuwa anaanika mpunga. Nikarudi ndani nikasema. Utetezi ukabadilika, waongozaji hawakupatikana. Nikamtuma mdogo wangu akaulize getini. Jibu alilopewa ni kwamba siku zile hakuna kundi la shule lililofika wala kuweka miadi. Haikuwa mvua wala mwongozaji. Kiingilio hakikulipwa, basi.

Na hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote, maana kiingilio cha mtoto wa Kitanzania kwenye hifadhi zetu ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Hiyo ndiyo hela waliyoona waibanie. Piga hesabu, 285,000 mara watoto 62 ni milioni 17 laki 6 na 70. Mabasi mawili, ugali maharage, ukumbi, fulana. Nilipoomba mchanganuo wa matumizi nikaambiwa "mzazi, watoto wamefurahi." Ni kweli wamefurahi. Mtoto ukimlaza na wenzake usiku tatu bila mama wa kumwambia azime taa, hata stendi ya mabasi angefurahi. Usiku huohuo kundi likafungwa.

Ninachotaka ni mambo mawili. Mchanganuo kwa maandishi, shilingi kwa shilingi. Na ile sehemu ya msituni irudishwe, ama hela ama safari. Mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko ya namna hii anielekeze, naanzia kwa afisa elimu kata au napanda juu moja kwa moja? Na wazazi wenzangu mliomo humu, najua mmo, mkinipigia simu usiku mnalia, kikaoni mnaangalia dari.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema "si ungempeleka mwenyewe", nitampeleka, lakini hilo halifuti risiti zangu tatu. Uliyesema nina chuki na shule binafsi, nalipa ada kwa wakati kuliko wewe. Yule mwalimu aliyeandika kwamba shule yao ya kata ya kule Kilombero iliwahi kuwapeleka watoto kwa miguu, na muhogo wa kuchemsha kwenye ndoo, nimekusoma mara mbili, dada yangu. Nimemsomea na binti. Ameuliza kama wale watoto waliona mbega. Kama unakumbuka, naomba umjibu.

Na mliouliza kama ninatia chumvi kuhusu mche, picha sipandishi kwa sababu zina sura za watoto wa watu. Ila nimemwomba mdogo wangu apite pale nyumba ya wageni walikolala watoto. Amepita leo. Mche umeshalala, akauvuta kwa vidole viwili ukatoka mzima na nailoni yake. Ameuchana kiriba, ameupanda kwao nyuma ya banda la kuku.

NYONGEZA 2: Nimeitwa ofisini Jumatatu saa tatu asubuhi, "kwa mazungumzo". Inaonekana uzi umewafikia. Nakwenda na zile raba kwenye mfuko.