Mzee jirani kanialika trayali ya pikipiki Jumapili, niende kama mwangalizi au nisubiri nipate pikipiki?

Mtoto_wa_Muheza:
Wanajamvi habari za saa hizi. Nipo Keighley huku West Yorkshire mwaka wa tatu sasa, kabla ya hapo nilikuwa naendesha boda Muheza kwenda Amani, kama unaijua ile barabara ya mlimani wakati wa masika basi unajua nimetoka wapi. Sasa hapa jirani yangu kuna mzee wa miaka 71 ana pikipiki gereji kwake sijawahi kuona mfano wake, haina siti kabisa, nyembamba, tairi la nyuma ukilibonyeza kwa dole gumba linaingia ndani. Nikamwambia mzee hili limeisha upepo, akasema hapana ndivyo linavyotakiwa, likijaa halishiki mawe.

Basi tukapiga stori mpaka usiku. Kaniambia mchezo wake ni trayali, kupanda mawe na makorongo kwa pikipiki bila kuweka mguu chini, na wapo kwenye klabu ya mtaani tu, mafundi bomba, wakulima, walimu, wastaafu. Jumapili hii wana shindano na watu wa kusimamia ni wachache, kaniomba nikawe mwangalizi.

Naomba kuuliza wenye uzoefu, huyo mwangalizi kazi yake nini hasa? Na mimi roho yangu inataka kuendesha, sio kukaa na kuangalia wenzangu, sasa nikubali au nimwambie asubiri mpaka nipate chombo changu? Na la mwisho naliuliza wazi, kule mashambani huenda nikawa mweusi peke yangu, wanapokea watu?

Kokoto:
Kubali kaka, kubali leo kabla hajampata mwingine. Mimi nipo Derbyshire, mwaka wa tisa kwenye mchezo huu, nilianza kwa kushika ubao wa alama na mpaka leo naona ndio shule yangu kubwa.

Ipo hivi. Klabu inaomba shamba kwa mkulima, wanachagua sehemu kumi ngumu, kuna ya mawe, kuna ya kijito, kuna mizizi ya miti, kuna mwinuko wa matope, kila moja wanaizungushia kamba na kuweka vibao, vyekundu kulia kwako na vya bluu kushoto, hiyo inaitwa seksheni. Mwendeshaji anapita zote kumi halafu anarudia, mara nyingi raundi nne, kwa hiyo mpaka jioni kapita mara 40. Hakuna kukimbizana, kwenye seksheni mwendo ni kama wa mtu anayetembea. Kinachohesabiwa ni mguu. Usipogusa chini kabisa ni sifuri, hiyo ndio klini. Ukigusa mara moja ni alama moja, wenyewe wanasema dabu, mara mbili ni mbili, kuanzia mara tatu unabaki na tatu hata kama umepiga kasia kwa miguu mpaka juu. Ukianguka au ukatoka nje ya vibao umekula tano. Na kwenye klabu nyingi za huku hata ukisimama tu, pikipiki ikaacha kwenda mbele hata kwa sekunde, ni tano hiyo. Mwenye alama chache ndiye mshindi.

Sasa kila seksheni inahitaji mtu mmoja wa kuhesabu hiyo miguu, na ndiye wewe. Hakuna kamera wala wa kurudisha picha nyuma, ukisema mbili ni mbili. Watu wanakuja kwako mmoja mmoja, wanapita, wewe unanyoosha vidole waone, unaandika au unatoboa kadi yake, basi. Bila mtu wa kusimama pale hakuna seksheni, bila seksheni hakuna shindano, mimi nimeona shindano zima likipunguzwa kwa sababu waangalizi hawakutosha. Kwa hiyo hilo neno lako la "kukaa na kuangalia" naomba uliondoe, mzee kakupa kazi ya heshima.

Halafu kuna faida ambayo hujaifikiria. Utasimama sehemu moja masaa manne unaona watu 60 au 70 wakipita jiwe lile lile mara nne kila mmoja. Utaona nani kaachia klachi mapema, nani kaangalia chini badala ya kuangalia mbele, nani kasogeza mwili kabla ya kona. Hiyo elimu hakuna atakayekuuzia.

Kuhusu kupokelewa sikudanganyi, siku yangu ya kwanza nilikuwa mweusi peke yangu shambani na wapo walionitazama zaidi ya kawaida. Ila kufikia raundi ya pili kila aliyepita aliniambia asante mwangalizi, kwa sababu ndio desturi yao, hata uliyempa tano anashukuru. Mwaka ule ule nilialikwa nyumba mbili za watu. Sisemi hakuna watu wabaya, nasema mimi huko nilipata watu wangu.

Na wewe upo Keighley bwana! Silsden ni hapo jirani tu, ndiko kwa akina Lampkin. Martin Lampkin alichukua ubingwa wa dunia wa trayali wa kwanza kabisa 1975, mwanae Dougie akachukua saba mfululizo kuanzia 1997 mpaka 2003, na 2016 alizunguka njia nzima ya TT, yale mbio za pikipiki za barabarani kule Isle of Man, kwa tairi la nyuma peke yake, maili 37 na ushee. Watu wa bonde hilo hilo unaloishi. Pikipiki utapata tu, anza na ubao.

Mama Nasra:
Mdogo wangu mimi siendeshi na sijawahi kutaka, lakini mchezo huu naupenda kwa moyo wote. Nakaa Fort William Scotland, kazi yangu kulea wazee, na kila Mei naomba likizo nikawe mwangalizi wiki ile ya Siku Sita, yaani trayali ya Scotland ya siku sita. Hayo ndio mashindano makongwe, mizizi yake ni 1909, Jumatatu mpaka Jumamosi, seksheni kama 30 kila siku, waendeshaji zaidi ya 250 wanatawanyika milimani, na yanaandaliwa na klabu ya Edinburgh kwa nguvu za watu wanaojitolea. Dougie aliyetajwa hapo juu kayashinda mara 12.

Kinachonifanya nirudi ni kwamba bingwa na mtu wa kawaida wanapita jiwe lile lile siku ile ile. Saa nne asubuhi anapita mtu ambaye jina lake linajulikana dunia nzima, dakika tano baadaye anapita fundi umeme kutoka Wales ambaye kaweka akiba mwaka mzima aje, mikono imevimba, siku ya tano hiyo, anataka kumaliza tu. Wote unawahesabia kwa macho yale yale. Mwaka juzi kuna mmoja alipanda seksheni yangu Ijumaa mvua inanyesha, alikuwa kala tano karibu kila sehemu siku hiyo, kwangu akapita klini. Nikamuonyesha ngumi, yaani sifuri, yule baba alizima injini huko juu akalia. Nami nililia.

Sasa nikupe niliyofundishwa na wazee wa huku. Usimwangalie usoni, angalia miguu. Tafuta pa kusimama unapoona pande zote mbili, usibanane na kamba. Andika hapo hapo kabla wa pili hajaingia. Ukiwa na shaka kama mguu umegusa au haujagusa, faida ni ya mwendeshaji. Na ukishaamua usibadilishe hata aje nani. Halafu chukua koti la mvua la maana, chupa ya chai, soksi za ziada. Mara nyingi klabu inakupa mkate na kitu kitamu, ila usitegemee, baridi ya kusimama ni mbaya kuliko ya kutembea.

Mkude_Moro:
Samahani naingilia, mimi nipo Morogoro. Hiyo kupanda mawe polepole mbona vijana wetu wanapanda Uluguru kila siku na Boxer, nyuma mikungu mitatu ya ndizi na abiria? Tena hao bila kibao wala kamba. Kwa nini sisi hatuna mchezo huu?

Kokoto:
Mkuu Mkude umegusa penyewe. Hao unaowaona ndio asili ya mchezo. Enzi za mwanzo huku hakukuwa na pikipiki maalum, watu walichukua pikipiki za barabarani wakazipeleka milimani kuona kama zitafika, kilichopimwa ni uimara wa chombo na utulivu wa mtu. Hapa Yorkshire kuna Scott Trial, ilianza 1914, wafanyakazi wa kiwanda cha pikipiki za Scott wakishindana wenyewe kwa wenyewe. Mpaka leo ipo, kule Swaledale, na yenyewe ina ukali wake kwa sababu wanahesabu miguu na muda pia, aliyemaliza haraka kuliko wote anakuwa kipimo, kila dakika unayochelewa nyuma yake ni alama.

Pikipiki maalum zilikuja kidogo kidogo. Sammy Miller wa Belfast alitawala miaka mingi na Ariel kubwa ya Uingereza, halafu akahamia Bultaco ya Hispania, akawasaidia kutengeneza ile Sherpa, nyepesi, injini ya tustroki, 1965 akashinda nayo Siku Sita na zile pikipiki nzito zikaanza kupotea. Siku hizi ya trayali ina kilo kama 70, Boxer ni zaidi ya 100 bila ndizi. Upepo wa tairi la nyuma wanaweka kama psi 4 tu, gari lako lina 30. Ndio maana tairi la yule mzee linabonyea.

Ila kuanza huhitaji hayo. Kamba, vijiti, korongo ambalo mwenyewe kakuruhusu, wenzako watano, na mmoja wenu akubali kushuka ahesabu kwa haki. Huyo wa mwisho ndiye mgumu kumpata, nakwambia kwa uzoefu.

FundiSele_Leicester:
Naongeza la chombo tu maana naona jamaa ana hamu. Ukianza kutafuta usikimbilie cc 300, inavuta ghafla itakutupa. Chukua 125 au 250 iliyokwisha tumika, Beta, Gas Gas, Sherco, Montesa zote zipo. Angalia klachi kwanza kwa sababu mchezo wote upo kwenye kidole kimoja cha klachi. Angalia kama rimu zina mabonde. Na ile kamba ya kuzima injini ya kufunga mkononi lazima iwepo inafanya kazi, ukianguka inachomoka na injini inazima yenyewe. Na tafadhali, ukiwa kwenye shamba la watu funga geti ulilolikuta limefungwa, usipige resi pale mnapopaki, usirudi katikati ya wiki kufanya mazoezi bila ruhusa. Klabu zinakufa kwa kupoteza mashamba, sio kwa kukosa waendeshaji.

Mtoto_wa_Muheza:
Wakuu nimerudi, ni Jumapili usiku, miguu imeganda ila siwezi kulala bila kuwaandikia.

Nilipewa seksheni ya sita, kijito chenye mawe ya kijani yanayoteleza halafu kona ya kushoto kupanda mizizi. Raundi ya kwanza mikono ilitetemeka, mtu akipita nasahau kuhesabu namwangalia yeye. Nikakumbuka maneno ya Mama Nasra, miguu tu. Kuanzia hapo nikatulia. Kuna mtoto wa kike wa miaka kama 12 alipita mara nne zote klini, mara nne dada yangu! Kuna kijana alibisha nimempa tatu akidai ni mbili, kabla sijajibu aliyekuwa nyuma yake akamwambia mwangalizi kashasema, kijana akaniomba radhi akaondoka.

Raundi ya tatu kaja mzee jirani. Kaingia vizuri, mawe kayapita, kwenye kona pikipiki ikasimama. Kidogo sana, pumzi moja, mguu haujashuka, halafu akaendelea akapanda mpaka juu. Moyo ulinienda mbio kwa sababu ndiye aliyenileta pale, kanipa koti lake, kanipakia kwenye gari lake. Nikanyoosha vidole vitano. Akaviangalia, akatikisa kichwa kukubali, akasema asante mwangalizi, akaenda ya saba.

Kwenye gari tukirudi hakuligusia hilo hata kidogo mpaka tumefika mlangoni. Hapo ndipo akaniuliza navaa mabuti saizi gani, kwa sababu ana jozi ya zamani gerejini na Jumamosi asubuhi hana kazi.