Mgodi ukishafungwa, mji hubaki na nini?

kaka_wa_likoni:
Salaam wadau. Ndugu yangu mdogo alikuwa anaendesha mitambo mgodi wa titani kule Kwale mpaka ulipofungwa Disemba 2024, sai yuko tu nyumbani Msambweni, pesa za kuachishwa zote ziliingia kwa nyumba na nyumba yenyewe imesimama kwa linta. Wazee wasema subirini kazi zitakuja. Sasa mimi nimekuwa nikisoma hii miji ya makaa ya mawe Uingereza, kuna mahali migodi ilifungwa miaka thelathini na zaidi na bado watu wanalia. Mbona, na wale wana serikali tajiri? Kama kuna aliyekaa huko atueleze, siasa tuziweke kando.

nesi_wa_baridi:
Waalaikum salaam. Nimefanya kazi nyumba ya wazee huko South Wales, upande wa Merthyr. Wale babu nilikuwa nikiwaogesha naona mikono ina alama za buluu, manake vumbi la makaa likiingia kwa kidonda ngozi hufunga juu yake halitoki tena, na vifua ndio usiseme, wengine bila oksijeni usiku haulaliki.

Kazi yenyewe hawakuipenda wallahi, na hakuna aliyetaka mwanawe ashuke shimoni. Walichokililia ni vile vitu vilivyokuwa vimeshikamana na mgodi. Ukumbi wa wachimbaji, maktaba, bendi, uwanja, vyote vilikuwa vikilipiwa na senti zinazokatwa kwa mshahara kila wiki. Mshahara ukikatika, ukumbi nao unafungwa. Bonde la Rhondda mgodi wa mwisho, Maerdy, ulifungwa Disemba 1990, na hivyo vijiji ukiviangalia vilijengwa hapo kwa sababu makaa yalikuwa hapo basi, si njia panda, si bandari. Kijana bila gari kufika Cardiff kutafuta kazi ni safari, akipata anahamia huko huko. Na wanaume wengi waliwekwa kwa malipo ya ugonjwa badala ya kuhesabiwa hawana kazi, kwa hivyo kwa karatasi za serikali mambo yakaonekana afadhali kuliko yalivyokuwa.

trela_mariakani:
Hiyo ya vitu vilivyoshikamana naielewa sana. Mizigo ya bandari ilipolazimishwa kupanda reli ya SGR, Mariakani sisi madereva tulipiga kelele tukasikika, lakini mama wa chai, fundi wa taili, mwenye gesti, hao nani aliwauliza? Hakuna barua ya kuachishwa kwa sababu hakuna aliyewaajiri. Kwale pia hesabuni hao, na watoto waliokuwa wakisomeshwa kwa bursari za mgodi.

mzee_wa_makupa:
Tusichanganye mambo lakini. Uingereza mwaka 1920 wachimbaji walikuwa zaidi ya milioni moja, ni vizazi na vizazi. Kwale mchanga wenye titani ulianza kusafirishwa 2014, hata mtoto wa darasa la kwanza wa mwaka huo alikuwa hajamaliza sekondari mgodi ulipofungwa. Watu bado wanajua kulima na kuvua, mnazi uko, korosho iko.

Halafu kilichowaumiza wale ni kasi na uhasama. Mgomo wao wa kupinga migodi kufungwa, Machi 1984 mpaka Machi 1985, mwaka mzima bila mshahara, wakarudi kazini mikono mitupu na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Wachimbaji wa jimbo la Nottinghamshire wengi waliendelea kufanya kazi, na kuna familia mpaka leo hazisalimiani. Wajerumani walienda polepole, mgodi wao wa mwisho huko Bottrop ulifungwa Disemba 2018, wazee wakastaafishwa mapema, na chuo kikuu cha Bochum kilikuwa kishafunguliwa tangu 1965. Na hata hivyo nenda Gelsenkirchen, mji wao mwingine wa makaa, uone watu wasio na kazi walivyo wengi. Kwa hivyo hio serikali tajiri unayosema, pesa inapunguza maumivu tu.

kaka_wa_likoni:
Shukran mzee. Sasa vijana wakichanga hizo pesa zao pamoja je? Ama nazo zitaishia kwa linta

nesi_wa_baridi:
Kuna waliojaribu huko huko Wales. Mgodi wa Tower serikali iliufunga 1994, wachimbaji 239 wakatoa kila mmoja pauni 8,000 kwenye pesa zao za kuachishwa wakaununua, wakauendesha wenyewe kutoka 1995 mpaka makaa yalipoisha 2008. Wazee wakiusimulia wanakaa wima kitandani.

trela_mariakani:
Nesi, Tower ilikuwa bado na makaa ndani. Kwale mchanga wa maana umechotwa, wataununua wafanye nini nao? Kilichobaki ni ardhi, bwawa la Mukurumudzi na ile gati ya Likoni. Hapo ndipo pa kuuliza maswali, nani anapewa na kwa masharti gani, na kuuliza ni sasa kabla hati hazijaandikwa. Kaka wewe uko Likoni, kikiitwa kikao nenda, na huyo ndugu yako mbebe, asikuambie ati vikao ni vya wazee.

mzee_wa_makupa:
Na aende na mama wa chai.