Mama kwenye hadithi yangu yuko upande wa nani?

UkhtiWete
Asalaam aleykum jamani, nnaandika hadithi fupi imenikwama. Ni mama mmoja wa huku Pemba na wanawe wawili, Asha alobaki shamba na Hamad alokwenda Muscat mwaka wa nane huu. Msimu wa karafuu, zimeanikwa majamvini siku ya tatu zimeshaanza kugeuka rangi, mara wingu likatanda mama akatoka mbio anaita "Hamad! Hamad! Mvua!" na Asha yupo ubavuni kwake keshashika pembe ya jamvi. Asha hakujibu kitu, kakunja tu. Baadae Hamad anarudi anataka ahesabiwe pesa alizokuwa akituma na mama kanyamaza. Hapo ndo nilipokwama, kila nkimuandika mama namchukia na sitaki msomaji amchukie. Anampenda mmoja zaidi au vipi?

MtuWaKojani
Waaleykum salaam. Mie sioni kama anampenda Hamad zaidi. Alo mbali huitwa, alo karibu ni kama mkono wako mwenyewe, nani anauita mkono wake? Lakini Asha hilo halijui na ndo penye uchungu. Usilieleze, wacha hilo jamvi lenyewe liseme.

BabaNasra
Ile ya mama kunyamaza usiifute ukhti. Babake Nuuman bin Bashir alitaka kumpa Nuuman zawadi peke yake akaenda kumshuhudisha Mtume (SAW), akaulizwa kama wanawe wote kawapa mfano wa hiyo, akasema la, Mtume akakataa kuwa shahidi. Mama alosoma chuo cha Qur'ani hilo analijua, kwa hiyo kunyamaza kwake si kukosa kauli, anaogopa neno lake moja litakuwa limeshampa mmoja. Ila Asha wako msafi mno, mpe na yeye kosa. Mfano Hamad akipiga simu Asha anapokea anasema "mama kalala" kumbe yuko jikoni anakuna nazi. Wivu wa ndugu ndo ulivyo, vitu vidogo vidogo kila siku mpaka vinakuwa mlima.

NimerudiMuscat
Nimesoma mara mbili machozi yananilenga, kwa sababu mie ndie Hamad. Nilituma kila mwezi miaka miwili, narudi namkuta dada'ngu kandambili kaziunga kwa waya, nkajua pesa kala mumewe, nkasema maneno siwezi kuyarudia hapa. Mama kimya. Alfajiri akaniita chumbani akafungua kasha, pesa zangu zote zimo kwenye kanga kuukuu, kila mwezi na fundo lake. "Nimekuekea ujenge." Na muda wote huo dada alikuwa akimlisha kwa kuchuma karafuu za watu, analipwa kwa kipimo cha pishi. Sasa niambieni, pale mama alikuwa upande wa nani? Dada mpaka leo kwangu anakuja sikukuu tu, anakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

UkhtiWete
Subhanallah, pole sana kaka. Sijafikiri hata siku moja kwamba mama anaweza kumdhulumu mmoja kwa kumuwekea mwengine amana. Kimya nnakiacha, na "mama kalala" nnaichukua, shukran BabaNasra. Ya kasha ni yako, siiandiki bila ruhusa yako. Na hizo sikukuu, wewe na dada mnazungumza nini?

NimerudiMuscat
Iandike tu. Tunazungumza bei ya karafuu.