Mjadala: Je, shauri la Siduri ndilo jibu la Utendi wa Gilgamesh?

Ndugu zangu, kila Gilgamesh, shujaa wa utendi wa kale wa Mesopotamia (Iraq ya leo), anapotajwa kuna hoja inayorudiwa: kwamba kiini cha utendi wake ni maneno ya Siduri, yule mwanamke muuza pombe kando ya bahari. Mfalme huyu wa Uruk anamfikia akiwa amevaa ngozi za wanyama, mashavu yamebonyea, anatafuta uhai usio na mwisho. Siduri anamwambia hataupata. Miungu walipoumba watu waliwapangia kifo. Basi ashibishe tumbo, avae nguo safi, aoge, amtazame mtoto aliyemshika mkono, amfurahishe mkewe. Wengi wanasema hekima yote iko hapo. Mimi napinga.

Sisemi ni maneno mabaya. Ni mazuri na ni ya kweli. Lakini mfiwa anaambiwa mapema mno. Tazameni alikotoka. Enkidu, rafiki aliyekwenda naye msitu wa mierezi wakamuua Humbaba, jitu lililoulinda, ameugua siku 12 akafa. Gilgamesh akamfunika uso kama bibi harusi, akahangaika huku na huku kama simba jike aliyenyang'anywa watoto. Akalia siku 6 na usiku 7, akakataa asizikwe, mpaka funza akamdondoka puani. Sisi tuliozoea kumsitiri maiti siku hiyo hiyo tunaona jambo hili linatisha. Nami niliona hivyo, hadi nilipofiwa na rafiki niliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Nilifika kaburi limeshafunikwa. Mtu akanishika bega: "Jikaze, maisha yanaendelea." Alisema kweli, na neno lake halikunifaa kitu kwa miezi mingi.

Sasa hoja yangu hasa. Shauri la Siduri limo katika bamba la udongo la enzi ya Babeli ya Kale. Katika toleo la baadaye, lile la mabamba 12 linalohusishwa na msomi wa kale Sin-leqi-unninni, shauri hilo halimo. Siduri yupo, ila anaonya kuhusu safari na kuelekeza njia. Anayefundisha hapo ni mikate.

Uta-napishti, aliyenusurika gharika na kupewa na miungu uhai usio na mwisho, anamtaka Gilgamesh anayeutafuta uhai huo ashinde usingizi kwanza: akeshe siku 6 na usiku 7. Gilgamesh anachuchumaa, na papo hapo usingizi unamchukua. Mke wa Uta-napishti anaoka mkate kila siku na kuupanga karibu na kichwa chake. Anapoguswa anaamka na kudai amesinzia kidogo tu. Anaambiwa ahesabu mikate: wa kwanza umekauka, wa tano umeota ukungu, wa saba bado uko juu ya makaa.

Idadi ni ile ile! Siku zile zile 6 na usiku 7 alizokaa na maiti ya Enkidu, akikataa kumtoa. Safari hii kinachooza kiko kando ya kichwa chake mwenyewe. Na ni baada ya mikate hiyo anaposema kifo kimo chumbani mwake anamolala, na kila aendako kitakuwapo.

Wala hajaacha kulia. Nyoka anapomwibia mmea wa kurudisha ujana alioupata safarini, Gilgamesh anakaa chini na machozi yanamtiririka mashavuni. Ila hageuki tena kutafuta uhai. Anarudi Uruk na Urshanabi, mvushaji wa Uta-napishti, na anamwambia apande juu ya ukuta, akague msingi na matofali yake.

Najua wapo wanaosema ukuta ule unamaanisha kazi ya mtu hudumu baada yake. Inawezekana, lakini mimi namtazama zaidi Urshanabi: tangu Enkidu afe, ndiye wa kwanza kutembea naye bega kwa bega.

Kwa hiyo nawauliza mnaomtetea Siduri: kama karamu ndiyo jibu, kwa nini mwishoni hatuoni meza wala mke wala mtoto, bali mtu anayemwonyesha mwenzake matofali?