Mjadala: Enzi ya helikopta za mashambulizi imekwisha?

Wakuu, Desemba 2022 Japani iliamua kustaafisha helikopta zake za mashambulizi na kazi hiyo ipewe droni. Februari 2024 jeshi la nchi kavu la Marekani likafuta FARA, mradi wake wa kuunda helikopta mpya ya upelelezi na mashambulizi, likitaja yanayotokea Ukraine. Agosti mwaka huohuo Poland ikasaini kununua helikopta 96 za mashambulizi za Kimarekani aina ya Apache. Nani kapiga hesabu vibaya?

Mimi niko upande wa Poland, kwa sharti moja: zisivuke mstari wa mbele.

Wanaosema zimekwisha hutaja Ka-52, helikopta za mashambulizi za Urusi, zilizotunguliwa Ukraine mwaka 2022 kwa makombora ya kubeba begani. Sawa, lakini ugonjwa huo ni wa zamani. Machi 2003, karibu na Karbala huko Iraki, Apache za Marekani zaidi ya 30 zilijipeleka juu ya makazi ya watu usiku. Zikapokelewa na risasi za kawaida kabisa. Moja ikabaki huko, marubani wake wawili wakatekwa, na karibu zote zilizorudi zilikuwa na matundu. Droni hazikuhusika.

Kiangazi cha 2023 Ka-52 zilezile zilikaa upande wao, zikarusha makombora kutoka kilomita 8 na zaidi, na vifaru vya Ukraine vilivyonasa kwenye mabomu ya ardhini vikaumia vibaya. Apache Longbow, yaani Apache yenye rada, iliundwa kwa mchezo huohuo. Rada yake iko juu ya panga zinazozunguka kuinua helikopta, hivyo mwili wote unajificha nyuma ya miti na rada pekee ndiyo inayochungulia. AH-64E, toleo jipya la Apache, inaweza hata kuiongoza droni ikatangulie kutazama. Mzinga wa milimita 30 unaogeuka kufuata kichwa cha mpiga mzinga ndio unaosifiwa na wengi, ila kwangu ni silaha ya dharura.

Karibuni mnipinge.

— Mkuu, kujificha nyuma kumesaidia nini? Oktoba 2023 makombora ya masafa marefu ya ATACMS, yaliyorushwa na Ukraine, yalizikuta helikopta za Urusi zimeegeshwa Berdiansk na Luhansk. Droni ikiungua unatoa nyingine. Rubani hapatikani dukani. Warusi wenyewe wameiwekea Ka-52 viti vya kumrusha rubani nje, panga zikilipuliwa kwanza zisimkate. Chombo kinachohitaji hayo muundaji wake alishajua kinakokwenda.

— Kwa hoja hiyo tufute na ndege za kivita, nazo zina viti hivyo na huegeshwa uwanjani. Berdiansk ni kosa la aliyezipanga mahali pamoja. Halafu nijibu hili: droni ya kujilipua aina ya Shahed, ambayo Urusi huirushia Ukraine, inakwenda kama kilomita 180 kwa saa. Kombora la kuitungua hugharimu kuliko yenyewe. Helikopta inaifikia na kuimaliza kwa risasi za mzinga, na Ukraine wanafanya hivyo sasa.

— Hapo sawa. Lakini kuwinda Shahed hakuhitaji Apache. Mi-8, helikopta ya kawaida ya usafirishaji, yenye bunduki mlangoni inatosha.